Nani Kachinja?

Gaspari mwanangu,

Barua huanza kwa salamu, kisha mtu akamuuliza mwenzake hali. Yako naijua. U mzima, umeshiba, uko kanisani mnafanya mazoezi ya nyimbo za safari, na sauti yako naisikia mpaka hapa uani nilipokaa juu ya mbuzi ya nazi. Yangu ukitaka kuijua, nina hasira. Nimeamka nayo, nimefua nayo mashati yako meupe, na nimeyaanika nayo.

Nakuandikia kwa sababu tangu Jumapili kila nikifungua mdomo, wewe unafungua kitabu. Nasema neno moja, unanijibu kwa aya. Basi nimeona niseme na karatasi, maana karatasi hainikatizi. Utaikuta juu ya sanduku lako ukirudi. Isome leo leo. Usiipeleke kwenye hiyo treni mpya ya Zambia ukaisomee huko njiani, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo likilala halitafaa tena.

Habari za sweta sitakwambia, wala za kuchemsha maji. Hayo Damasi, kiongozi wenu, keshawafundisha, na kwa mambo ya namna hiyo ni hodari sana. Mimi nataka kukueleza karamu ya Jumapili ilivyokuwa. Najua ulikuwepo. Ulikuwepo kwa upande wako, umesimama, umevaa shati jeupe, unawatazama watu kwa juu. Mimi nilikuwa chini mkekani, karibu na bibi yako, na nitakusimulia kutoka mkekani.

Wiki nzima nilikuwa natayarisha shughuli hiyo. Vijana wa kigango chetu cha Zinga wanakwenda safari ya utume nchi ya watu, mwezi mzima, jambo ambalo halijapata kutokea hapa. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Nilikwenda kila nyumba, ya Mkristo na ya Mwislamu, nikawaalika, nikawaambia mwanangu anakwenda Zambia kulihubiri neno, njooni mle wali tumuage. Na kila mtu alisema ndiyo. Mama Zuhura akanipa masinia yake, Mzee Kibwana akaleta mikeka, na mchele huo uliouona ulipatikana kwa foleni ya duka la ushirika, nilipanga mimi foleni na wake wa Waislamu wakanishikia nafasi nilipokwenda kukuchukulia nguo zako kwa fundi.

Siku moja kabla, nilikutuma kwa mjomba wako Shomari. Nilikwambia hivi, na maneno yangu nayakumbuka: "Mwambie mjomba aje alfajiri kuchinja, mbuzi wako tayari." Ukaitika, "Ndiyo, mama." Asubuhi nilipoamka nilikuta mbuzi wamekwisha chunwa wananing'inia, na kisu cha mjomba wako kimeoshwa kimerudishwa mahali pake, juu ya mlango wa jiko, kwenye makuti. Nikasema moyoni, huyu kaka yangu leo kawahi, kachinja karudi kwake kuvaa. Sikuuliza. Ningeuliza nini? Kisu chenyewe nilikiona kimetumika.

Mchana wakaja. Mjomba wako kavaa kanzu yake nyeupe, kamshika mama yetu mkono, maana siku hizi bibi yako haoni vizuri. Nikamkalisha pale penye kivuli, nikamnawisha mwenyewe, nikamsogezea sinia. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kama anavyouliza siku zote, maana kwake ni desturi: "Nani kachinja?" Nikamjibu: "Kachinja mwanao, mama. Kula." Naye bila kungoja sala wala nini, kwa njaa ya mtu mzima, akatia tonge mdomoni.

Ndipo ukasimama wewe.

Nakumbuka kila neno. "Ndugu wapendwa, leo ni siku ya pekee. Leo mbuzi hawa tumechinja sisi wenyewe vijana, kwa mikono yetu, kwa jina la Bwana wetu Yesu, kuonyesha kwamba tumetoka katika giza la kuwategemea wengine." Damasi akapiga makofi. Peke yake, unajua mwenyewe. Wale wote waliokuwa wamenyoosha mikono kwenye masinia wakairudisha magotini. Nilimtazama mama yangu. Akaingiza vidole mdomoni, akalitoa lile tonge, akalifunga kwenye pindo la kanga yake asije akatema mbele za watu na kutuaibisha. Sisi ndio tuliomuaibisha, naye alikuwa anatusitiri.

Mjomba wako akasimama, akasema: "Tunashukuru kwa mwaliko. Mungu awape safari njema." Akamwinua mama yake, wakaondoka, na wengine nyuma yao mmoja mmoja, kila mtu akiaga kwa adabu, "Tutaonana, Mama Gaspari." Wali ule tulikula na nani? Tuliula sisi Wakristo, kila mtu kainamisha kichwa, na uliobaki tuliwapa kuku. Mimi sikuonja.

Umenifanya muongo mbele ya mama yangu, Gaspari. Nimemwambia kula, kachinja mwanao, kumbe nimemlisha uongo kwa mkono wangu.

Nilipokuuliza ulimwambiaje mjomba, ulinijibu kwa kiburi: "Sikusema uongo, mama. Nilimwambia mama anasema usihangaike, njoo mchana tu kula." Tazama ujanja huo! Mimi sikusema hivyo. Ulitia maneno mdomoni mwangu, ukayapeleka kwa kaka yangu, halafu ukajiona msafi kwa sababu eti ulimi wako haukutamka neno moja la uongo. Katekismo gani iliyokufundisha hivyo? Mimi niliyoisoma haikuwa na ukurasa huo.

Halafu ukaniambia: "Siwezi kuomba radhi kwa kulitaja jina la Bwana." Nani amekutaka uombe radhi kwa hilo? Mjomba wako amelisikia jina la Yesu ndani ya nyumba hii tangu kabla hujazaliwa. Siku tulipomzika baba yako alisimama nje ya mlango wa kanisa misa nzima, jua la utosi, kofia yake mkononi, na tulipofika makaburini yeye ndiye aliyeshika jembe kwanza, kwa sababu alisema shemeji yake hafukiwi na wageni. Jina halijamuudhi. Kilichomuudhi ni kwamba umemwekea mama yake chakula asichokila, ukamwacha atie mdomoni, ndipo ukamwambia.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili limeniingia mpaka kwenye mfupa. Unajua kwamba mimi nilizaliwa Mwislamu na nikabatizwa nilipoolewa na baba yako. Unalijua hilo kwa sababu Damasi anapenda kulisimulia, anasema mama yake Gaspari ni ushindi. Mimi si ushindi wa mtu. Nilimpenda fundi seremala mwenye mikono mizuri, nikaipenda na sala yake, nikabatizwa kwa akili yangu timamu, na sijajuta hata siku moja. Lakini usichokijua ni hiki. Mara ya kwanza mama yangu kutoa tonge mdomoni ndani ya nyumba hii haikuwa Jumapili. Mara ya kwanza lilikuwa tonge langu.

Nilipoolewa, baba yangu alisema jina langu lisitajwe nyumbani kwake. Mama akavumilia, akavumilia, mwisho akashindwa. Siku moja akajifunika ushungi, akamwambia baba anakwenda Kerege kumtazama shoga yake mgonjwa, akaja hapa. Hapa, Gaspari, kwenye ua huu huu! Nilipomwona mlangoni nilipiga kelele za furaha mpaka baba yako akatoka na msumeno mkononi akidhani nyoka. Nikapika. Kulikuwa na nyama ya mbuzi aliyechinjwa na baba yako jana yake. Nikaipika hiyo, nikatia nazi mbili, nikamwekea.

Nataka unielewe hapa, maana hapa ndipo tunapofanana mimi na wewe. Sikusahau. Nilipokuwa nakoroga chungu nilikumbuka kabisa. Nilikuwa nimebatizwa karibuni, nimejaa maneno ya mafundisho, nikajiambia nyama ni nyama, Mungu ni mmoja, na mama yangu akinipenda atakula. Nilitaka kumjaribu. Nilitaka ale, nione kwamba amenikubali mimi na dini yangu na mume wangu, vyote katika sinia moja.

Akala tonge la kwanza. La pili akalitia mdomoni, akasita kutafuna. "Mwanahamisi, nani kachinja?" Nikamjibu kwa kichwa juu, kama wewe Jumapili: "Petro, mama."

Hakunigombeza. Alitoka nje, akalitoa lile tonge, akasukutua kwa maji ya mtungi, akarudi akakaa. Akasema: "Ungeniambia, mwanangu, ningekula wali mkavu na chumvi, nikashiba. Hata mgeni huulizwa." Akafunga ushungi wake akaenda zake. Hakukanyaga tena hapa mpaka ulipozaliwa wewe.

Na mimi, badala ya kumfuata njiani nikamshika miguu, nilikaa nikakasirika. Nikasema nina haki. Nilikuwa na haki, kweli, na mafundisho yalinipa haki. Nikakaa na haki yangu, nikailisha, nikailaza kitandani. Baba yangu akafa katika miaka hiyo. Nilikwenda msibani, watu wakanipokea vizuri, wakanitandikia mkeka sebuleni, wakaniletea chai kwenye kikombe chenye kisahani. Wewe hujui maana yake. Nyumbani kwetu kikombe chenye kisahani ni cha wageni. Watoto wa nyumbani tulikuwa tunakunywa kwa vibati, tunavichukua wenyewe jikoni. Nilikuwa nimekaa kwenye matanga ya baba yangu mzazi, nimeshika kisahani, na dada wa jirani anapita huko na huko jikoni kwetu akichota maji kwa kata niliyochonga mimi. Sijapata kulia kama siku ile, na hakuna aliyenigusa, kwa sababu mgeni haguswi.

Aliyenirudisha ni mjomba wako. Siku ya ubatizo wako, asubuhi na mapema, alikuja na kisu kwapani, amekifunga kaniki. Hata hodi hakupiga. Akamwambia baba yako:

"Shemeji, yuko wapi huyo mnyama? Au mnataka mama yangu aje kumwona mjukuu wake ale mchicha?"

Baba yako akasema: "Kwani mama atakuja?"

"Nikichinja mimi atakuja, na atakula. Mambo ya kanisani kwenu ni yenu. Yeye anataka mjukuu wake."

Akachinja. Mama akaja. Akakupakata, akakutemea mate ya baraka usoni, ukalia, akasema, "Huyu ndiye mume wangu," na tangu siku ile mpaka Jumapili hajakuita jina lingine. Akala mpaka akalamba vidole. Jioni mjomba wako alipotaka kuondoka, alikiosha kile kisu, akakichomeka kwenye makuti juu ya mlango wa jiko. Akaniambia: "Hiki kitakaa hapa. Kisikate kitunguu, kisikate hata muwa. Mkiwa na shughuli, niiteni." Baba yako akataka kumtilia mpini mpya wa mpingo, na ndio huo unaoujua. Mpini kautia Mkristo, chuma ni cha Mwislamu, na kwa kisu hicho watu wamekula pamoja katika ua huu Krismasi zote, Pasaka zote, komunyo yako ya kwanza, na matanga ya baba yako. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unauliza kwa nini hatukitumii kumenyea mihogo, nami nikakwambia ni cha mjomba. Hapo nilikosea. Nilipaswa kukukalisha nikakueleza yote haya, nisikuachie uokote nusu. Lakini niliona aibu kukusimulia habari ya tonge, nikaona wewe utaishi ndani ya amani hiyo bila kuhitaji kujua ilikopatikana. Umeishi ndani yake, ukaidhania ni hewa tu.

Na ukakichukua hicho hicho! Visu vimejaa jikoni. Panga lipo. Ulipanda juu ya kigoda ukachomoa kisu cha mjomba wako, kwa sababu ni kikali, uliniambia. Kwa sababu ni kikali!

Damasi aliwauliza, nimeambiwa, mnakwendaje kuhubiri Zambia wakati nyumbani hamwezi hata kuchinja mbuzi wenu bila kumwita Mwislamu. Na nyinyi mkaona ni swali zito. Mngemjibu kwamba tunaweza. Mkono gani usioweza kuchinja mbuzi? Tunamwita kwa sababu tunataka aje ale. Damasi akimaliza kazi yake hapa atarudi kwao, na huko kwao anakotoka kijiji kizima wanasali kanisa moja, hajapata kumwita mtu mwingine mezani. Mimi nabaki na kisima hiki hiki, na njia hii hii ya kwenda shambani, na kila asubuhi nakutana na Mama Zuhura ambaye masinia yake yalirudi kwake yananuka nyama asiyoila. Aliyasugua kwa majivu mara mbili. Nilimwona. Naye aliponiona namwona akaona haya yeye, akajifanya anasugua sufuria. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na mimi sijui uzazi wangu uliobaki ni upi, lakini kufa nitakufa, na watakaonibeba ni hao.

Unakwenda kuhubiri mwezi mmoja. Mwezi mmoja, Gaspari! Mimi nimekaa na baba yako miaka yote ile na bado kulikuwa na mambo ya watu wa kwao Makurunge nikiyaona nauliza kwanza kwa mama mkwe. Huko uendako sijui wanakula nini na nini hawali. Wewe pia hujui, na Damasi hajui, ila yeye hajui kwamba hajui. Kutakuwa na mama mmoja atakayewapikia. Atakuwa ameazima sinia mahali. Atakuwa ana kaka, ana jirani, ana jambo analolifanya kimya kimya kila siku ili watu wake wasigombane. Hutaliona, kwa sababu amelificha vizuri. Basi ukikuta desturi ambayo unaiona haina maana, kaa chini, uliza imefikaje hapo, na nani angeondoka mkekani kama isingekuwepo. Ukishajua, hubiri. Sikukatazi kuhubiri. Ningekukataza ningekuwa nimekunyima pasi ya kusafiria siku ile ile niliyotia sahihi.

Nimefika kwenye jambo lenyewe.

Jumatatu nilikwenda kwa mjomba wako. Ng'ambo ya barabara tu, lakini niliiona ndefu. Nilikwenda kama ninavyokwenda siku zote, nikapitia uani, nikataka kuingia jikoni nijimiminie chai. Wifi yangu akawahi kutoka. "Karibu, wifi, karibu sebuleni." Nikakaa sebuleni. Akaniletea chai kwenye kikombe chenye kisahani.

Nilikitazama kile kisahani, Gaspari. Kina maua mekundu pembeni. Nimekiosha mimi mwenyewe mara nyingi katika jiko lile, shughuli zikiwapo, lakini sikuwahi kuwekewa.

Mjomba wako hakusema neno baya. Alisema, "Mtoto kasoma, pengine kaona tusiyoyaona sisi." Akasema tena, "Aliniambia nije mchana. Nikadhani mmempata mwalimu wa chuo cha Kurani awachinjie." Basi. Unajua mjomba wako anavyopenda kusema. Huyu ndiye aliyekubeba kwenye baiskeli mpaka hospitali Bagamoyo ulipovunjika mkono, njia nzima anakuimbia nyimbo za harusi usilie. Tukakaa tukasikiliza kuku.

Bibi yako alikuwa ndani. Alipoisikia sauti yangu akaniita. Nilimkuta amelala, uso ukutani. Akasema, "Mume wangu kaninyima chakula." Akacheka kidogo, ule mzaha wenu wa siku zote, lakini kicheko hakikufika mbali. Akauliza unaondoka lini, nikamwambia. Akauliza huko uendako ni kwa nani, nikamwambia ni kwa wageni, watu wa kanisa.

Kisha akaniuliza: "Watamlisha?"

Hilo ndilo aliloniuliza. Mwanamke umemfanya atoe tonge mdomoni mbele ya kijiji kizima, na anachowaza ni kama utapata kula.

Sasa nisikilize. Bibi yako ni mtu mzima sana. Mwezi mmoja kwako ni nyimbo na treni. Kwake sijui. Ukiondoka bila kwenda kule, mlango ule utaufunga wewe, nao hautafungwa kwako peke yako, utafungwa na kwangu, na mimi nilishakaa nje yake mara moja. Sina miaka mingine ya kukaa nje. Wewe utarudi na hadithi za Zambia, utaoa, utapata watu wa mkeo. Mimi watu wangu ni hao wawili, ng'ambo ya barabara.

Kisu nimekiteremsha. Nimekifunga kwenye kipande cha kaniki, kiko chini ya barua hii, juu ya sanduku lako. Ukipeleke mwenyewe. Usimtume mtu, na usiende na Damasi, na kitabu kiache nyumbani, kitakungoja. Usiseme kama nimekukosea nisamehe; hiyo "kama" mjomba wako ataisikia. Mwambie: "Mjomba, mama alinituma nikuite uje alfajiri, mimi nikakwambia mchana." Neno hilo moja tu la kweli. Halafu mkabidhi kisu chake, unyamaze, umwache aseme yeye. Pengine atakirudisha kwetu, pengine atakitia ndani. Hilo ni lake, na likitoka hivi au vile, usibishe. Ukitoka hapo uingie kwa bibi yako, umshike miguu, umwambie mumewe kaja.

Unaweza kunikatalia. Umekuwa mtu mzima, siwezi tena kukubeba mgongoni. Mashati yako nimeyapiga pasi, yamo sandukuni. Chakula cha njiani nimekufungia kwenye kikapu, maandazi na mayai ya kuchemsha, hakuna nyama.

Lori la kanisa litaanzia kanisani asubuhi, likawachukue wenzenu wa Kerege, kisha Dar es Salaam. Litapita mbele ya nyumba ya mjomba wako, maana njia ni hiyo moja. Kanisani kuwapungia mikono wenzangu watakwenda, mimi sitakwenda. Nitakuwa uani kwa kaka yangu, nampikia mama yangu uji. Ukitaka kuniaga, utanikuta huko.

Ni mimi mama yako Monika, ambaye kwa bibi yako bado ni Mwanahamisi.